Mama, umebeba nini katika mkoba wa mtoto?

Ukitaka kujua jinsi kina mama wa mji wa Isiolo wanavyotembea na watoto wao wachanga, fika asubuhi mahali popote penye kliniki ya watoto. Utaona mikoba ya kila namna: viondo vya makonge, shanta za shule zilizochakaa, mikoba ya mitumba yenye picha za vikaragosi wa ng'ambo, na kwa wengine leso tu iliyofungwa fundo. Ndani ya mingi ya mikoba hiyo mambo yamechanganyika. Nepi chafu imelala ubavuni mwa kijiko, kijitabu cha kliniki kimelowa maziwa, na ndizi imepondekea kwenye sweta. Muuguzi anapotaka kijitabu, mama hulazimika kupakua kila kitu juu ya benchi huku mtoto akilia na foleni ikinung'unika nyuma yake.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo, la mapambo na mitindo. Wenye maduka nao hupenda tuamini hivyo, ili tuchague mkoba kwa rangi na jina lililoshonwa mbele. Mimi nasema mkoba wa mtoto unapaswa kujadiliwa katika kurasa za afya. Kuhara bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka 5 duniani, pamoja na kichomi. Viini vya kuhara hutoka katika kinyesi na kuingia kinywani kupitia mikono, maji, chakula na vyombo. Sasa hebu fikiri: ni wapi pengine kinyesi, chakula, kikombe na mkono wa mama hukutana katika nafasi isiyozidi ukubwa wa mto wa kulalia?

Kosa la kwanza katika kuchagua mkoba huanzia kwenye umbo lake. Mikoba mingi ya watoto inayouzwa siku hizi ilibuniwa kwa ajili ya mama anayesukuma mtoto katika kigari. Mikono yake iko kwenye kigari na mgongo wake uko huru, kwa hiyo mkoba huangikwa kwenye kigari au kuvaliwa mgongoni. Mama wa Isiolo hana njia ya lami laini ya kusukumia kigari kutoka mtaa wa Bulla Pesa hadi sokoni. Mgongo wake una mtoto, amefungwa kwa mbeleko. Ukimpa mama huyo shanta ya mgongoni, ataivaa wapi? Ataivaa kifuani, imzibe asione anapokanyaga, au ataibeba mkononi mpaka kamba imkate vidole.

Nimewaona pia wanaobeba mkoba wenye kamba fupi begani. Kila mama akiinama kumweka mtoto sawa, kamba huteleza na mkoba wote huanguka vumbini. Mkoba unaomfaa mwenye mbeleko ni ule wenye kamba moja ndefu na pana, inayopita begani na kuvuka kifua, mkoba wenyewe ukatulia nyongani. Hapo mikono yote miwili inabaki huru, mmoja wa kumshikilia mtoto mgongoni na mwingine wa kumwongoza yule mkubwa wa miaka 3 anayetaka kukimbilia mbuzi barabarani. Upana wa kamba nao usidharauliwe. Mtoto wa mwaka mmoja ana uzito wa kilo 9 hivi, na ukimwongezea mkoba wa kilo 4 kwenye bega lile lile ambalo mbeleko imelala, jioni mama hawezi kugeuza shingo.

Wapo watakaouliza: kiondo je? Kiondo ni mali yetu na nakiheshimu. Mabibi zetu wa Ukambani na nchi za Mlima Kenya walikisuka karne na karne, na katika miaka ya 1970 na 1980 kikasafiri hadi Ulaya na Marekani, ambako wanawake wa mijini walikibeba kwa maringo. Ni kigumu, hakikunjiki hovyo, na kina nafasi. Lakini kwa kazi hii kina dosari mbili. Mdomo wake uko wazi, na Isiolo ina upepo na vumbi ambavyo anayevijua hahitaji kuelezwa. Anayesafiri kwenda Merti kwa gari la wazi hufika akiwa na rangi ya barabara. Pili, makonge yakilowa mkojo au maziwa huchelewa kukauka, na harufu hubaki. Mwenye kiondo asikitupe. Atakipenda zaidi akikishonea kifuniko cha kitambaa cha kufunga kwa kamba, na akiweka ndani vifuko vinavyotoka na kufuliwa.

Kwa maoni yangu mkoba bora kuliko yote unapatikana kwa fundi cherehani. Mnunulie kitambaa kigumu cha drili au turubai nyepesi, rangi isiyo nyeusi ili uchafu uonekane. Kwa bitana, mwambie atumie ile plastiki nene ya kufunikia meza, ambayo hupanguswa kwa kitambaa chenye sabuni na kukauka mara moja. Mdomo uwe mpana, wa kufungwa kwa zipu, kwani mdomo mwembamba humlazimisha mama kupapasa ndani kwa mkono ambao huenda umetoka kushika nepi. Ndani pagawanywe mara mbili kwa kitambaa kilichoshonwa mpaka chini. Nje, upande unaogusa mwili wa mama, atie mfuko mmoja wa zipu wa kitambulisho na nauli. Nasisitiza upande wa ndani, maana mfuko unaotazama nje katika kituo cha matatu ni zawadi kwa wachopozi. Anayesafiri kwenda Marsabit au Moyale anajua vizuizi vya polisi vilivyo njiani na jinsi abiria wanavyotakiwa kutoa vitambulisho. Si wakati wa kuanza kuchimbua chini ya nepi.

Ukipendelea mitumba, hakuna ubaya. Jaribu zipu mara tatu, vuta kamba kwa nguvu mahali iliposhonewa, kisha tia pua ndani. Ukisikia harufu ya ukungu, urudishe. Ukiununua, ufue kwa maji moto na sabuni na uuanike juani siku nzima kabla haujaguswa na kitu cha mtoto.

Sasa tuje kwenye kiini cha habari, yaani nepi iliyotumika. Zamani mama alikuwa na jawabu rahisi: aliitia katika mfuko wa plastiki wa dukani, akafunga fundo na kuendelea na safari. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini Kenya, na mimi ni mmoja wa walioshangilia, kwa kuwa mifugo ya kaskazini ilikuwa ikiimeza na kufa. Lakini hakuna aliyeketi na kina mama kuwauliza nepi chafu itawekwa wapi. Matokeo ni mawili. Wapo wanaoirudisha mkobani ikiwa imekunjwa tu, karibu na uji. Na wapo, tuseme kweli, wanaofungua dirisha la basi na kuitupa nje. Nepi ya kutupa ina plastiki ndani yake pia, na mbuzi hachagui.

Kwa hiyo mkoba wowote usio na mahali pa uchafu palipotengwa kabisa haufai, hata kama umetoka Paris. Mshonee mtoto vifuko viwili vya plastiki ile ile ya meza, vyenye mdomo wa kukunjwa na kufungwa kwa kifungo, na uvitofautishe kwa rangi ili hata jirani anayekusaidia asikosee. Cha kwanza ni cha nepi safi na cha pili ni cha nepi chafu. Kinyesi kimwagwe chooni kwanza palipo na choo. Wapo wanaodhani kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa sababu ni cha maziwa matupu. Kina viini kama cha mtu mzima, na pengine zaidi. Ukifika nyumbani, kifuko kile kipinduliwe, kioshwe kwa sabuni na kuanikwa. Mkoba usilale na nepi ya jana.

Kuhusu kuchagua kati ya nepi za kufua na za kutupa, sina ugomvi na yeyote. Za kutupa hupunguza kazi safarini lakini gharama yake huuma, na huwafanya baadhi ya kina mama wamwache mtoto na nepi moja tangu asubuhi hadi saa 9 alasiri ili zisiishe. Katika joto la Isiolo ngozi ya mtoto hulipia akiba hiyo kwa vipele na michubuko. Za kufua zinahitaji maji, na maji ni taabu katika mitaa mingi, ingawa jua letu hukausha nepi kabla chai haijapoa. Kwa safari ya nusu siku beba 4 au 5, zozote zile, na uzibadilishe zikilowa.

Tukiingia katika suala la chakula, kuna habari njema ambayo watu wengi hawataki kuiamini. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji kubebewa chochote cha kula wala kunywa. Hahitaji hata maji. Najua nyanya na mashangazi watapinga: “Katika jua hili, mtoto asinywe maji?” Naam, asinywe. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, na Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba yanatosheleza kiu ya mtoto hata katika nchi za joto kali. Anayepaswa kunywa maji ni mama mwenyewe, na chupa ya maji iliyomo mkobani iwe yake. Maji ya sukari na maji ya chupa anayopewa mtoto wa miezi 2 ndani ya basi ndiyo njia fupi ya kumfikisha wodini.

Kitu ninachotamani kukiondoa katika mikoba yote ni chupa ya kunyonyea. Chuchu yake ya mpira ina mikunjo ambayo brashi haifiki, na maziwa yanayobaki humo hugeuka shamba la viini baada ya saa chache tu. Chupa iliyojazwa nyumbani alfajiri, ikapigwa na joto la matatu, na kunyonywa kidogo kidogo hadi adhuhuri, ni hatari kuliko chochote kingine ndani ya mkoba. Badala yake beba kikombe kidogo cha mdomo mpana na kijiko. Huoshwa kirahisi kwa sabuni, na hata mtoto mchanga anaweza kunyweshwa kwa kikombe akiketishwa vizuri na kupewa polepole. Viweke ndani ya mkebe mdogo wa Kasuku ulioshwa kwa sabuni na maji moto, na kifuniko chake kifungwe. Mkebe huo hauzidi thamani ya mafuta yaliyokuwamo, lakini kwa kazi hii hushinda vikasha vingi vya dukani.

Mama ambaye kwa ushauri wa daktari anamlisha mtoto kwa maziwa ya kopo, abebe unga mkavu uliopimwa katika chombo safi, na maji yaliyochemshwa katika chupa ya chai yakiwa bado moto. Achanganye wakati wa kulisha, maji yakiwa na joto lisilopungua nyuzi 70 za Selsiasi ili yaue viini vilivyomo katika unga wenyewe, kisha ayapoze kabla ya kumpa. Yaliyochanganywa yasikae zaidi ya saa 2, na yanayobaki baada ya mtoto kushiba yamwagwe.

Kuanzia miezi 6 na kuendelea mtoto huanza chakula cha nyongeza, na mkoba huongezeka uzito. Ndizi mbivu ni rafiki wa msafiri kwa kuwa Mungu ameifunga kwa ganda lake. Imenye na kuiponda hapo hapo. Uji mzito uliotiwa katika chupa ya chai ukiwa moto hufaa kwa saa chache. Kuhusu maziwa ya ngamia, ambayo mji wa Isiolo huyasafirisha hadi Eastleigh, Nairobi, na ambayo kina mama wachuuzi wameyafanya kuwa tegemeo la nyumba nyingi, neno langu ni moja: yachemshwe kabla ya kumpa mtoto. Nafahamu kwamba wapo wanaoona kuyachemsha ni kuyaharibu, na kwamba vyombo vya kusukwa vya Waborana na Wasomali hufukizwa moshi kwa ustadi mkubwa ili maziwa yakae. Moshi huo ni elimu ya wazee na una kazi yake. Hata hivyo hautoshi kuondoa ugonjwa wa brusela, ambao hutoka kwa mnyama pamoja na maziwa yenyewe.

Kipande cha sabuni kisikosekane, ndani ya kasha lake. Vile vitambaa vyenye unyevu vinavyouzwa katika pakiti husaidia kumpangusa mtoto, lakini havichukui nafasi ya sabuni na maji kwa mikono ya mama. Ukibadilisha nepi, mikono ioshwe kabla haijagusa zipu ya upande wa chakula. Chupa ndogo ya maji ya kunawa iwe mbali na ile ya kunywa. Mwenzako akumiminie kidogo kidogo. Haihitaji zaidi ya kikombe kimoja.

Ongeza pakiti 2 za ORS, yaani ule unga wa chumvi na sukari unaotolewa zahanatini. Mtoto akianza kuharisha mkiwa njiani, na kati ya Isiolo na Garba Tulla hakuna duka la dawa kila kona, unga huo ndio utakaomshikilia hadi mfike. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji kinachotakiwa, maana si zote za lita moja, na utumie maji salama. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, huku akiendelea kunyonya. Ukishachanganya usitumie baada ya saa 24. Ukifika, muulize muuguzi juu ya vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Lakini ukiona macho yamedidimia, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, au kuna damu katika choo, usingoje. Hospitali hapo hapo.

Dawa nyingine zisijazwe mkobani hovyo. Nimeona mkoba wa mtoto uliogeuka famasi: dawa ya kikohozi ya mwaka jana, kapsuli za baba, na dawa ya maji ya kuua viini iliyotiwa katika chupa ya soda. Hili la mwisho ni balaa. Mtoto wa miaka 2 akiona chupa ya soda anajua kilichomo ni kitamu. Kila dawa ibaki katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya mfuko wa zipu ambao mtoto hawezi kuufungua. Sarafu, shanga na betri ndogo za duara zisizagae humo pia.

Usisahau sweta na shali, hata kama Isiolo unatokwa jasho. Wageni wa njia hii hushangaa. Mji uko katika mwinuko wa mita 1,100 hivi, lakini ukipanda matatu ya Nanyuki, baada ya muda usiozidi saa moja unakata upepo wa Timau, juu ya mita 2,000, na mtoto aliyevalishwa fulana tupu huanza kutetemeka mgongoni mwako.

Kijitabu cha kliniki kipewe mfuko wake mkavu. Chanjo za Kenya hutolewa kwa ratiba: wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa surua, pamoja na nyinginezo. Kijitabu kikiyeyuka kwa maziwa, muuguzi wa zahanati ya mbali hana njia rahisi ya kujua mtoto amepata nini na amekosa nini. Familia za wafugaji zinazohama na mifugo ndizo zinazoumizwa zaidi na jambo hili.

Nimeongea na mama muda wote huu kana kwamba mtoto hana baba. Lakini nani aliyesema mkoba huu ni wa mwanamke? Nawajua wanaume wanaobeba bunda la miraa begani kutoka gari hadi gari bila haya, na gunia la mkaa pia. Mwanamume huyo huyo akiambiwa ashike mkoba wa mwanawe wakitoka hospitalini, anageuza uso, atatangulia hatua kumi mbele mikono mfukoni, mkewe akimfuata na mtoto mgongoni, mkoba nyongani, na mwingine akimvuta nguo. Fundi cherehani akiambiwa atie kamba ya kurefushwa na kufupishwa, mkoba ule ule utamkaa baba vizuri. Na akiubeba mara mbili tatu, atajua kilichomo na kinachokosekana, na hatauliza tena kwa nini pesa za sabuni huisha haraka.

Limebaki moja ambalo fundi hawezi kulishona. Katika vituo vya matatu na mabasi nilivyopitia kati ya Nairobi na Moyale sijaona hata kimoja chenye mahali safi pa kumlaza mtoto na kumbadilisha nepi. Mama hufanya kazi hiyo juu ya kiti cha gari, juu ya gunia la mtu, au chini, penye mafuta ya gari. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliwataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea watoto mahali pa kazi, jambo zuri kwa wenye ofisi. Lakini mama muuza maziwa stejini hana mwajiri, wala abiria wa Merti hana. Meza moja ya mbao yenye kivuli, bomba la maji, kipande cha sabuni kilichofungwa kamba na pipa lenye kifuniko havihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Magari hulipa ada kila yanapoingia kituoni. Wawakilishi wa wadi za mji wa Isiolo watuambie ni ada za siku ngapi zinazohitajika kununua vitu hivyo vinne.